Sauti ya Mtanganyika kwenye Santuri ya New York

Hotuba ya mwanachama wetu, muuguzi, aliyoitoa usiku wa sherehe ya Uhuru

Akina mama mlioshinda jikoni tangu asubuhi kwa ajili ya pilau hii, ahsanteni sana. Watoto, hamjambo? Nasikia wengine wanajibu kwa Kiingereza. Nitarudi kwenu baadaye.

Kamati iliponiomba nizungumze, nilidhani wanataka habari za shinikizo la damu, kama nilivyofanya safari iliyopita. Wakasema hapana, utuambie kuhusu zile santuri zako. Nimekubali, ila chumvi nayo nimeiona mezani, na tutaongea siku nyingine.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli Tabora. Alikuwa na santuri kama 40 hivi, nyingi zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande: Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Kwetu sisi watoto, jazi ilikuwa ni bendi ya dansi: magitaa, tarumbeta, na wakubwa wakicheza sebuleni Jumamosi. Hatukujua kwamba neno lenyewe lilizaliwa Marekani, na kwamba muziki wa watu weusi wa kule unaoitwa jazi ni mwingine kabisa.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi hapa Uingereza. Nilikwenda kuzika. Siku ya kurudi nilikuwa na sanduku la kilo 23. Nikapakia mchele, dagaa na vitenge nilivyopewa na shangazi zangu. Santuri nikaziacha. Nilimwambia kaka nitazifuata mwakani. Mwakani ikawa miaka minne. Niliporudi nilizikuta stoo, chini ya bati. Joto lilikuwa limezikunja kama chapati, na majalada yameliwa na mchwa. Kaka sikumlaumu. Aliyeziacha ni mimi.

Kukusanya santuri nilianza baada ya hapo. Ukitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, usingizi hauji upesi. Nilikuwa napita kwenye duka la mitumba karibu na hospitali, lile la kuchangia misaada, na pale nje walikuwa na boksi la santuri za jazi za Kimarekani. Nikanunua moja, halafu nyingine. Mashine nilinunua baadaye.

Sasa, mtu akianza kukusanya, huambiwa kwamba santuri ya kweli ni toleo la kwanza tu, ile iliyotoka kiwandani mwaka uleule wa kurekodiwa. Wapo wanaolipa fedha nyingi kwa ajili hiyo. Santuri ya John Coltrane iitwayo Blue Train ilirekodiwa mwaka 1957 na kampuni ya Blue Note. Fundi mitambo wake, Rudy Van Gelder, wakati huo alikuwa akirekodi sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey. Toleo lake la kwanza likiwa safi, mimi na mshahara wangu wa uuguzi tunaliangalia kwa mbali.

Lakini kuna santuri zilizotolewa upya. Kazi yake ni hivi. Muziki ulirekodiwa kwenye utepe, na utepe ule ukatunzwa. Miaka mingi baadaye fundi anauchukua, anausikiliza kwa makini, kisha anachora upya ile mifereji ambamo sindano hupita. Kwa mchoro huo hutengenezwa vyuma vya kukandamizia plastiki, ndipo santuri mpya zinatoka. Tangu mwaka 2019 Blue Note wana mfululizo uitwao Tone Poet, unaotengenezwa kutoka kwenye tepu zenyewe za zamani. Santuri hizo hazina mikwaruzo, na gharama yake mtu wa mshahara anaweza kuipanga. Ukinunua, soma jalada. Toleo zuri husema fundi ni nani na sauti imetolewa wapi. Toleo linalonyamaza, na mimi hunyamaza nalo dukani.

Katika kutafuta huko nikakutana na jambo lililonishangaza: Kiswahili. Herbie Hancock, mpiga piano mkubwa, mwaka 1971 alitoa santuri iitwayo Mwandishi. Mwandishi ni yeye mwenyewe, kwa kuwa wanamuziki wa bendi ile walijipa majina ya Kiswahili. Billy Hart wa ngoma akawa Jabali. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji. Mpiga tarumbeta, Eddie Henderson, alikuwa daktari wa tiba kweli kweli, naye wakamwita Mganga. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Kumbe hata kule tuna mtu wa idara yetu!

Lakini iliyonileta mbele yenu leo ni nyingine. Mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, alitaka kutunga muziki wa kusherehekea uhuru wa Afrika. Ilikuwa mwaka 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijitawala. Muziki aliupa jina la Uhuru Afrika. Maneno aliandikiwa na mshairi Langston Hughes, na mpangaji wa muziki alikuwa mwanamama, Melba Liston, mpiga tromboni. Walirekodi New York mwezi Novemba 1960. Ndani yake kuna vipande vyenye majina kama Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Na mwanzoni kabisa, kabla bendi kubwa haijaanza, shairi la Hughes linasomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga.

Hebu tuhesabu. Novemba 1960. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Bendera yetu ilikuwa haijapanda bado, na tayari lugha yetu ilikuwa studio New York inatamka neno uhuru. Mwaka 1964 Serikali ya Makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Walielewa vizuri inasema nini.

Nilitaka toleo la kwanza la Uhuru Afrika. Nililiona kwa muuzaji mmoja, naye alitaka fedha inayokaribia ada ya muhula mzima ya mtoto wa kaka yangu. Sisemi kwa mfano. Wiki ileile kaka alikuwa amepiga simu kuhusu ada hiyo. Nilikaa na simu mkononi, nikaona aibu kwamba hata nilifikiria. Nikatuma ada, nikanunua ile iliyotolewa upya.

Ilipofika niliiweka jikoni nikipika. Binti yangu ana miaka 13. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na nadhani nyumba nyingi hapa ndivyo zilivyo. Sauti ya yule mzee ilipoanza, akatoa vile vya masikioni, akasimama mlangoni. Akaniuliza, kwa Kiswahili: "Mama, huyu anasema nini?" Tukarudisha sindano mwanzo. Tukarudisha mara tatu. Maneno mengine aliyajua, mengine nilimfundisha palepale, na moja tulilazimika kumpigia simu shangazi yangu Tabora.

Toleo la kwanza lingekaa kabatini kwangu, naye ningemkataza kuligusa. Hili jipya analiweka mwenyewe kwenye mashine.

Ila ndugu zangu, hakuna santuri inayoweza kutolewa upya kama hakuna aliyetunza ile ya mwanzo. Bendi zetu za jazi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na Nairobi. Baadhi ya nyimbo zimeokolewa. Mwaka 2007 kampuni ya Kifaransa, Buda Musique, ilitoa diski ya dansi la Tanzania la miaka ya 1960 katika mfululizo wake wa Zanzibara. Nilipoisikia nilirudi sebuleni kwa baba. Lakini zile 40 zake zilikuwa na alama zake, na kwenye majalada alikuwa ameandika kwa mkono tarehe na mahali aliponunua. Hizo hakuna kampuni itakayozitoa upya.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwenye santuri nyumbani Tanzania, mpigie aliyebaki nazo kesho. Azitoe chini ya bati, azisimamishe wima kama vitabu, mahali penye kivuli. Mwenye kanda za harusi, za mawaidha, za kwaya, au za bibi akisimulia, azilete mkutano wa mwezi ujao. Nitakuja na mashine, na vijana wanaojua kompyuta watatusaidia kuzihamisha. Watoto, ninyi mtaandika majina: nani anasema, wapi, mwaka gani. Kwa Kiswahili. Mkikwama, ulizeni.

Na safari hii yeyote atakayekwenda nyumbani apunguze kilo mbili za dagaa.