Kidonda Kisichofunga



Panga likimteleza mtu shambani, hakuna anayeuliza la kufanya. Kitambaa, piki, mbio hadi hospitali. Lakini yule mzee mwenye kidonda juu ya kifundo cha mguu, kidonda cha tangu mvua za mwaka juzi, tunamwamkia tu na kupita. Wengine wananong'ona kwamba amerogwa. Leo namsemea yeye.

Jeraha bichi mwili unajua kulitengeneza. Damu inaganda, pale mahali panavimba na kupata joto siku chache, nyama nyekundu inajaa kutoka chini, ngozi inatambaa kutoka kando. Kazi yetu ni kutoharibu. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, osha kwa maji mengi yaliyochemshwa yakapoa, funika, kisha nenda kituoni uulizie sindano ya pepopunda. Majivu, mafuta ya taa, unga wa betri, acheni. Hata unga wa kapsuli, ambao vijana wa machimbo ya dhahabu ya Salamabila wanauamini kuliko muuguzi: unakauka na kuwa gamba, usaha unabaki chini yake.

Na ule usemi wa "kiache kipate hewa kikauke"? Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alifanya majaribio kwa nguruwe, akaona majeraha yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi haraka kuliko yaliyoachwa yakakauka. Lakini kufunika si kushona: muuguzi akikataa kushona jeraha lililokaa siku nzima na udongo, msimgombeze. Kulishona ni kuwafungia vijidudu ndani. Ataliosha, atakata nyama iliyokufa, atalifunika, na likiwa safi atalishona baada ya siku 3 hadi 5.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kidonda kikipita wiki 4 hadi 6 bila kupungua, kuuliza "dawa gani?" hakusaidii tena. Ulizeni nini kinakizuia. Huenda ni mishipa ya mguu iliyochoka, na hapo bandeji ya kubana inafanya kazi kuliko malhamu yoyote. Huenda ni kisukari, ukoma, au njaa tu, kwa maana mwili hauwezi kujenga nyama kwa ugali wa muhogo peke yake. Watoto wa SS, yaani wenye selimundu, nao wakikua, hupata vidonda kwenye vifundo.

Kuna na ugonjwa wa Buruli, uliopewa jina la wilaya moja ya Uganda karibu na Mto Nile. Nchini kwetu, Kongo, unajulikana zaidi mkoani Kongo Central, lakini muuguzi wa kwetu Maniema naye aujue. Huanza kama kivimbe kidogo kisichouma. Kijidudu chake hutoa sumu inayoua nyama na kunyamazisha maumivu kwa pamoja, na ndiyo maana mgonjwa hachukui safari mapema. Zamani dawa yake ilikuwa kisu. Siku hizi ni vidonge, rifampisini na klaritromisini, kwa wiki 8, na upasuaji kwa wanaouhitaji tu.

Wanaosema ni uchawi siwacheki. Kitu kinachokula mguu bila kuuma kinatisha kweli. Ila mwaka mzima kwa mganga wa mizizi ndio unaoleta kukatwa mguu.

Kasongo yetu iliwahi kuwa darasa la wengine. Miaka ya 1970, wafanyakazi wa afya wa hapa na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp waliweka vituo karibu na vijiji, nyuma yake hospitali moja ya kupokea walioshindikana. Kidonda sugu kinataka hivyo hasa: muuguzi yuleyule akikitazama wiki baada ya wiki. Mkulima anayelipa kila anapofungwa bandeji hufika mara tatu, pesa zinaisha, anarudi kwenye majani.

Basi nawaambia wajumbe wa kamati za afya, wa Kasongo na wa Kabambare: mgonjwa wa kidonda alipe mara moja, siku ya kwanza, bei ndogo inayojulikana, na afungwe bandeji mpaka kidonda kipone. Mtu wa kwanza wa kuandikwa kwenye daftari la vidonda mnamjua. Yuko barazani kwake, mguu umefungwa kitambaa.