Majini ya Pemba na Historia ya Bahari ya Hindi

Pemba imeandikwa sana kuwa ni kisiwa cha wachawi, na wengi walioiandika hivyo walikuwa wapita njia. Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha 1931, aliieleza kama makao ya uchawi ambako hata waganga wa Haiti husemekana kuja kusomea. Sifa hiyo imetudhuru, kwani imewazoeza watafiti kutafuta ajabu tu. Mada hii inatetea jambo jingine: majini wanaopungwa Pemba na Unguja wamebeba historia ya Bahari ya Hindi, tena ya watu ambao watawala hawakujali kuwaandika, na wanastahili kuchunguzwa kwa umakini ule ule tunaozipa nyaraka.

Ushahidi umo katika makabila yao. Jini akipanda kichwani mwa kiti wake, yaani mtu anayempanda, fundi wa majini humuuliza jina, kabila, atokako na atakacho. Ruhani ni Mwarabu na Mwislamu, hutaka udi, ubani na marashi. Kibuki ametoka Bukini, yaani Madagascar, ana udugu na Ngazija, ni Mkristo, na hudai brandi kupitia kinywa cha mtu ambaye mwenyewe haonji pombe. Habeshia ni wa Uhabeshi. Hakuna aliyekaa kitako akaibuni orodha hii; nyuma yake kuna historia. Wasakalava wa Bukini waliishambulia Mafia mwanzoni mwa karne ya 19, na wanawake wa Kihabeshi waliingizwa majumbani mwa wakubwa kuwa masuria. Na mjini Unguja watu hupandwa na rubamba, jini wa Kipemba: Mpemba naye amehesabiwa miongoni mwa wageni, ingawa ni jirani wa karibu kuliko wote. Jambo hilo peke yake linatueleza mengi kuhusu uhusiano wa visiwa hivi viwili.

Hali hii haiko kwetu tu. Huko Delhi, katika magofu ya Feroz Shah Kotla, mji uliojengwa na Sultani Firoz Shah Tughlaq katika karne ya 14, Waislamu na Wahindu huenda siku ya Alhamisi kuwaachia majini barua za maombi, kama raia anayepeleka shida yake serikalini. Anand Vivek Taneja, katika kitabu chake cha 2017, ameonesha kwamba majini hao, kwa umri wao mrefu, huwaunganisha watu wa leo na zama ambazo mji umezisahau. Tofauti ni kwamba kule jini huandikiwa. Huku hupanda akasema mwenyewe.

Wapo watakaojibu, wakimfuata mwanaanthropolojia I. M. Lewis aliyeandika mwaka 1971, kwamba kupandwa ni njia ya wanyonge, hasa wanawake, kudai haki yao. Linda Giles, aliyetafiti pwani hii, alionesha mwaka 1987 kwamba vilingeni, yaani penye ngoma za majini, wamo pia watu wenye hadhi. Nami naongeza: unyonge hauelezi kwa nini jini awe Mbuki. Wengine watauliza kuhusu dini. Kwa masheikh, kuwepo kwa majini hakuna ubishi, maana Kurani ina sura nzima yenye jina lao, ya 72. Kinachokatazwa ni kuwaomba na kuwachinjia, na kuandika habari zao si kuwaabudu.

Pingamizi zito zaidi ni la mwaka 1995. Hofu ya popobawa, jini aliyedaiwa kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakalala nje kwa makundi, na mgonjwa wa akili asiye na hatia akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Damu ile haifai kupuuzwa. Lakini mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya Zanzibar, na wazee walikumbuka hofu kama hiyo Pemba mwaka 1965, mara tu baada ya Mapinduzi yenyewe. Hofu hiyo, basi, ilifuata misukosuko ya siasa. Jini wa kilingeni hujulikana nasaba yake na huafikiana na watu. Popobawa alikuja kama tishio tupu, na tishio tupu hutafutiwa mtu wa kubebeshwa. Kwa hiyo kuyajua mambo haya kwa undani ni kinga.

Mafundi wakongwe wanaondoka na nyimbo zao za majini. Naomba semina hii iazimie kwamba nyimbo hizo zirekodiwe, kwa ridhaa ya wenyewe, kuanzia Wete hadi Mkoani, na nakala ziwekwe katika Nyaraka za Taifa Zanzibar.