Laini ya Simu ni Mali, Iandikwe kwa Jina la Mwenyewe

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu simu ya mkononi katika kazi na huduma za kila siku.



Simu ya mkononi ilipoingia vijijini, kazi yake ilikuwa moja: kupeleka sauti. Leo simu hiyo hiyo ni mkoba wa pesa, ni daftari la duka, na ni dirisha la ofisi ya serikali. Mabadiliko haya yameleta jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Nambari ya simu imekuwa jina la pili la mwananchi. Mtu anayetumia nambari iliyoandikwa kwa jina la mwingine, hata kama huyo mwingine ni mwanawe wa kumzaa, pesa zake na huduma zake zinalala katika nyumba isiyo yake.

Ilivyokuwa na ilivyo sasa

Kabla ya mwaka 2007, kijana wa Ganze aliyefanya kazi Nairobi alituma pesa nyumbani kwa hawala ya posta, au kwa bahasha aliyomkabidhi dereva wa basi. Bahasha ilichukua siku kadhaa kufika, na mara nyingine haikufika. Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-PESA, na pesa zikaanza kusafiri kwa ujumbe mfupi.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Science. Walikadiria kwamba huduma hiyo ilitoa familia zipatazo 194,000 za Kenya katika ufukara, yaani asilimia 2 ya familia zote nchini. Walikadiria pia kwamba wanawake wapatao 185,000 waligeukia biashara kama kazi yao kuu. Faida ilikuwa kubwa zaidi katika familia zinazoongozwa na wanawake.

Hapa Kilifi mambo hayo yanaonekana bila kitabu. Mama karanga wa Mayungu au Ngomeni hupiga simu kwa mvuvi kabla hajashuka pwani, ajue kama kuna samaki na kwa bei gani. Mkulima wa nazi wa Kaloleni huuliza bei ya Mombasa kabla ya kukubali ile aliyotajiwa na mchuuzi aliyemfuata shambani. Mwendeshaji bodaboda hulipwa kwa simu, na ikifika jioni husoma ujumbe wake mmoja mmoja kama mwenye duka anayepitia hesabu. Fundi wa ujenzi haketi tena chini ya mwembe kungoja kazi. Kazi humfuata kwa simu.

Huduma za serikali zimefuata njia hiyo. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini walianza kupewa vifaa vya kazi pamoja na simu, ili rekodi za kila nyumba ziingizwe huko huko nyumbani. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mwananchi anaweza kujisajili kwa kubonyeza *147#. Mkulima aliyesajiliwa hupata taarifa ya mbolea ya ruzuku kwa ujumbe wa simu. Anayeingia eCitizen hutumiwa nambari ya uthibitisho kwa simu.

Katika huduma zote hizo, ofisi haimwoni mtu. Inaona nambari yake ya kitambulisho na nambari yake ya simu. Zikikubaliana, mlango unafunguka. Zikikosana, mwananchi huanza safari ya kwenda na kurudi.

Nguo ya kuazima

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 47.3 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa na simu zao wenyewe. Watoto wengi wamo katika hesabu hiyo, lakini pia wamo watu wazima wanaotegemea simu ya jirani, ya mume au ya mtoto. Wengine wana simu mkononi lakini laini iliyo ndani si yao. Ilisajiliwa na kijana wa nyumbani siku mama alipokuwa hana kitambulisho, au ilinunuliwa na mume kwa kitambulisho chake, ikabaki hivyo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Laini ya kuazima nayo haimsitiri mtu siku ya shida, na shida zenyewe zinajulikana.

Ya kwanza ni kwa wakala. Wakala anatakiwa kuona kitambulisho cha mwenye laini kabla ya kutoa pesa. Wakala wa kijijini humjua mama na mwanawe, kwa hivyo humpa kwa kumwamini. Mama huyo akilazwa hospitali ya mbali, au wakala akibadilika, kitambulisho chake hakilingani na jina lililo kwenye laini. Pesa ni zake, na hawezi kuzitoa.

Ya pili ni simu inapopotea. Laini hurudishwa kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa. Kama mwenye jina yuko ng'ambo au hawaelewani tena, nambari imekwenda, na akiba iliyomo imekwenda nayo.

Ya tatu ni kifo. Mume akifariki na laini ya biashara ya mkewe iko kwa jina lake, pesa zilizomo huhesabiwa kuwa mali ya marehemu. Mjane atatakiwa kuleta cheti cha kifo na hati za mirathi ili apate pesa alizozichuma mwenyewe sokoni. Wakati huo huo deni la bidhaa halingoji mirathi.

Ya nne inamhusu aliyetoa jina. Mikopo ya simu hukopwa kwa laini, na deni huandikwa kwa mwenye kitambulisho. Laini ikitumiwa kwa ulaghai, mtu wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye imeandikwa kwa jina lake. Kumpa rafiki kitambulisho ili asajili laini ni kumpa ruhusa ya kukopa na kukosa kwa jina la mtu mwingine.

Ya tano ni laini iliyoachwa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye nambari yake huuzwa kwa mteja mpya. Kama nambari hiyo bado imeandikwa hospitalini, benki au katika orodha ya wakulima, ujumbe wa mwenyewe wa zamani humfikia mtu asiyemjua.

Kujua laini iko kwa jina la nani

Kuchunguza ni rahisi, na simu ndogo ya mulika mwizi inatosha. Mwananchi abonyeze *106# kwenye laini yake na kufuata maelezo. Kwa njia hiyo ataona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta nambari asiyoijua, aende mara moja katika duka la kampuni ya simu na kuomba iondolewe, maana huenda kuna mtu anatembea na jina lake.

Kama laini anayoitumia iko kwa jina la mwingine, njia ni mbili. Ya kwanza ni kwa wote wawili, mwenye jina na mtumiaji, kwenda pamoja katika duka la kampuni wakiwa na vitambulisho vyao halisi na kuomba jina libadilishwe. Ya pili, kama mwenye jina hapatikani, ni kusajili laini mpya, kuhamisha pesa zote, kisha kupeleka nambari mpya kila mahali ile ya zamani ilipoandikwa: SHA, shule ya watoto, chama, ofisi ya kilimo na benki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nambari za simu nazo zinastahili daftari lake.

Kijana aliyefikisha miaka 18 na kupata kitambulisho achukue hatua hiyo mapema. Laini aliyosajiliwa na mzazi alipokuwa mdogo ihamishwe kwa jina lake kabla hajaanza kutafuta kazi.

Wapo watakaosema hawana uwezo wa kununua simu. Jibu ni kwamba laini na simu ni vitu viwili. Laini ni ya bei ndogo na inaweza kuhifadhiwa pamoja na kitambulisho. Nyumba yenye simu moja inaweza kuwa na laini tatu, kila mtu akiweka yake anapohitaji. Simu inaweza kuazimwa. Laini isiazimwe.

Ufunguo wa nyumba

Laini ikishakuwa kwa jina la mwenyewe, kinachobaki ni nambari ya siri. Wazee wengi humpa wakala simu pamoja na nambari ya siri kwa sababu macho hayaoni vizuri au kusoma ni shida. Wakala mwema hatazitumia, lakini aliyesimama nyuma amesikia. Mzee amchague mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini, asiwe kila anayepita karibu. Nambari ya siri pia isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho.

Walaghai wanajua thamani ya nambari ya simu. Wengine hujifanya wafanyakazi wa kampuni ya simu na kuuliza nambari ya siri au nambari ya kitambulisho, ili waibadilishe laini iwe mikononi mwao. Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *100*100# ili laini yake isibadilishwe na mtu mwingine. Nambari ya mlaghai inaweza kutumwa kwa 333. Aliyetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi atume ujumbe wa muamala huo kwa 456 haraka, kabla mpokeaji hajazitoa.

Anayepigiwa na mtu akidai ametuma pesa kimakosa, asizirudishe kwa haraka. Aangalie salio lake kwanza, kwa kuwa ujumbe wa uongo huandikwa ufanane na wa kweli.

Kwa wanaokopa, tangu mwaka 2021 sheria imeipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka ya kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni zake zikatoka mwaka 2022. Mkopeshaji anayepigia simu jamaa na marafiki ili kumwaibisha mdaiwa anaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye ofisi yake imeundwa chini ya sheria ya mwaka 2019.

Asiye na simu

Kuna wakazi ambao hawatakuwa na simu kesho wala kesho kutwa: bibi wa miaka 85, mtu asiyeona, mfugaji aliye mbali na mtandao. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, na hakikutaja simu. Usajili wa SHA hufanywa pia katika vituo vya afya, kwa wahamasishaji wa afya ya jamii na katika Huduma Centre. Mkazi akiambiwa arudi nyumbani kwa sababu hana simu, ana haki ya kuuliza sababu na kuomba kuonana na msimamizi. Simu iliwekwa ili kufupisha njia ya kufikia huduma. Haikuwekwa ili kuifunga.

Kazi ya wiki hii basi ni ndogo. Kila mtu mzima abonyeze *106# na kusoma majina. Kila mwenye mzazi mzee amwangalizie laini yake, kisha aende naye dukani ikihitajika. Kila kikundi cha akina mama, cha wavuvi na cha bodaboda kitenge dakika chache katika mkutano wake ujao, wanachama waulizane swali moja: hii laini inayopokea pesa zetu, ni ya nani?