Sufuria Moja ya Omena: Mtoto Asipewe Supu Peke Yake

Leo tunazungumza nawe mama, nawe baba, nawe nyanya unayelea wajukuu, hapa Huruma na mitaa jirani ya Mathare na Kariobangi. Mada yetu ni chakula cha sufuria moja.

Baridi ya Juni na Julai ikiingia Nairobi, kila mtu hutaka kitu cha moto. Wengi wetu hununua mifupa ya mbuzi kule Kiamaiko, tukaichemsha hadi jioni, kisha mtoto akawekewa supu kwenye kikombe. Tunasema, "Mtoto ameshiba, amekunywa supu." Lakini akipimwa uzito kliniki, ule mstari kwenye kijitabu chake haupandi. Kwa nini?

Ndugu msikilizaji, sehemu kubwa ya supu ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo, hujaa upesi, na chakula chenyewe kinabaki ndani ya sufuria. Kinachomjenga mtoto ni nyama, samaki, ndengu, viazi na mboga zenyewe.

Hebu tujifunze kidogo kwa wenzetu wa Japani. Wao wana chakula cha siku za baridi kiitwacho nabe. Nabe ni jina la chungu, na pia ni jina la chakula. Chungu huwekwa katikati ya meza juu ya jiko dogo, na humo hutiwa kabichi, uyoga, samaki na vipande vya soya. Jamaa yote huketi kukizunguka. Hata wanamieleka wa sumo, wale wanaume wakubwa, wana nabe yao iitwayo chanko. Hawapati miili ile kwa kunywa maji yake. Hula vyote vilivyomo. Supu ikibaki, hutiwa wali au tambi, nayo ikaliwa. Tena nyumba nyingine huko hupika supu hiyo kwa samaki wadogo waliokaushwa, wanaofanana na omena yetu.

Basi nasi tunaweza kupika yetu, kwa vitu vya mama mboga. Kwa watu watano, tafuta:

Omena kikombe 1.
Viazi 6 vya kadiri.
Karoti 2.
Kabichi robo.
Sukuma wiki majani machache.
Nyanya 3, kitunguu 1 na tangawizi kidogo.
Mafuta vijiko 2.

Kwanza, chambua omena, utoe vichwa na mchanga. Ioshe kwa maji moto mara mbili, kisha ikaange bila maji hadi ikauke na harufu kali ipungue. Iweke kando. Kaanga kitunguu na tangawizi kwa mafuta, tia nyanya, zilainike. Tia viazi na karoti vilivyokatwa vidogo, kwa maana vidogo huiva upesi na makaa hayaishi. Ongeza maji moto vikombe 4 au 5, funika. Viazi vikikaribia kuiva, tia omena na kabichi. Mwisho kabisa tia sukuma wiki, dakika tatu hadi tano tu, ili isipoteze nguvu yake. Usimwage maji ya kupikia. Hayo ndiyo mchuzi.

Sasa sikiliza vizuri. Kabla ya kutia chumvi na pilipili, toa chakula cha mtoto. Mtoto aliyetimiza miezi sita, mwekee kiazi, karoti na mboga kwenye sahani yake mwenyewe. Omena yake itwange iwe unga, miba isimkwame. Ponda vyote pamoja, ukilainisha kwa mchuzi kidogo. Chakula kikae juu ya kijiko, kisimwagike kama maji. Anza na vijiko viwili au vitatu, ukiongeza polepole hadi nusu kikombe. Apate chakula mara mbili au tatu kwa siku, na kutoka miezi tisa, mara tatu au nne. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili na zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kula vipande laini, naye apate robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima.

Kama omena haipatikani leo, tumia ndengu, zikipikwa hadi zipondeke. Ukipata kipande cha maini, nacho ni kizuri sana kwa damu. Na chai usimpe mtoto pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma. Afadhali kipande cha chungwa.

Jambo moja la Wajapani tusiige: jiko katikati ya chumba. Wao hutumia gesi au umeme, sisi wengi tuna makaa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kimoja kilichofungwa kwa ajili ya baridi, jamaa nzima yaweza kulala isiamke. Washia jiko nje. Ukipikia ndani, acha mlango na dirisha wazi. Kabla ya kulala, jiko litoke nje, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Na sufuria ya moto ikae mbali na mtoto anayetambaa.

Kumbuka basi mambo matatu. Moja, mtoto ale vilivyo ndani ya sufuria, asipewe supu peke yake. Mbili, apakuliwe kabla ya chumvi, kwenye sahani yake. Tatu, jiko la makaa lisilale ndani.

Ikiwa mtoto wako haongezeki uzito, au amevimba miguu, usingoje. Mpeleke kituo cha afya leo, au zungumza na mhudumu wa afya wa jamii aliye karibu nawe.

Mwambie na jirani yako.