Homoni na Kauli Zinazopingana
Mwanamke aliyetimu miaka 45, aamkaye usiku shuka limelowa jasho na hedhi yake ikiruka miezi, huambiwa na huyu akapime homoni, na yule kwamba dawa za homoni huleta saratani. Hofu hiyo ilienea mwaka 2002, sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu dawa hizo iliposimamishwa. Walakini wengi wa waliochunguzwa walikwisha kupita miaka 60, na imebainika baadaye ya kuwa kwa aliye chini ya umri huo, asiye na maradhi yanayozuia, manufaa ya dawa hizo aghalabu huzidi madhara. Ama kipimo cha damu, kwa kuwa homoni hupanda na kushuka kila siku, kwa mwanamke huyo wa miaka 45 kwa kawaida hakihitajiki. Basi, dada, mweleze tabibu dalili zako na maradhi ya ukoo wenu, nawe umwulize sababu ya kila kipimo kabla ya kukilipia.