Kibali cha Bodi Hakimalizi Hodi



Wakazi wa Dar es Salaam wameshaizoea kauli hii: "Tuna kibali." Kijana wa filamu anatoa karatasi yenye mhuri na kumpa mjumbe aisome. Kabla mjumbe hajafika aya ya pili, jenereta imeshashushwa, nyaya zimeshavuka kichochoro, na mama muuza chapati anaombwa azime jiko kwa sababu mlio wa mafuta unaingia kwenye maikrofoni. Fundi cherehani naye anaambiwa asubiri kidogo, na kidogo hiyo inafika saa tisa alasiri. Redio zizimwe. Watoto wasipite. Jogoo peke yake ndiye asiyepokea amri ya mwongozaji.

Kibali kile ni halali, na wala sisemi kifutwe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inamtaka mtu apate ruhusa kabla hajaanza kupiga filamu Tanzania Bara, na kazi hiyo ipo chini ya Bodi ya Filamu. Ukivuka bahari kwenda Unguja unaanza upya, maana utamaduni si jambo la Muungano na Zanzibar ina taasisi yake. Ukitaka kurusha droni, unapita Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hifadhi za taifa zina wenyewe, na magofu ya Kilwa Kisiwani yana wenyewe vilevile. Anayefuata sheria huzunguka ofisi nyingi kabla hajawasha kamera, na namwonea huruma.

Ila katika mzunguko wote huo, ni ofisi gani inayomuuliza mama wa chapati?

Mwaka 2019 sheria yetu ilifanyiwa marekebisho. Kampuni ya kigeni inayopiga filamu nchini ikatakiwa kuikabidhi Bodi picha zote ilizozipiga, hata zile ambazo hazijahaririwa, pamoja na nakala ya filamu iliyokamilika. Serikali ilitaka kujua nini kimepigwa katika ardhi yake, na ina haki hiyo. Lakini mwenye nyumba ambaye ukuta wake umeonekana, bibi aliyepigwa picha akichambua mchele barazani, vijana waliojazwa kwenye tukio la vurugu za sokoni, wao hawaletewi hata dakika moja ya kuitazama. Filamu inaondoka mtaani, inakwenda kuonyeshwa Ulaya au kwenye simu za watu, na waliotoa sura zao wanasikia kwa mbali kwamba mtaa wao umeitwa mtaa wa wahuni.

Watu wa filamu watanijibu kwamba wapo waungwana, na ni kweli wapo. Filamu ya The Constant Gardener, ya mwongozaji Mbrazili Fernando Meirelles, ilipigwa Kibera jijini Nairobi na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, ikatoka mwaka 2005. Waliokuja kuipiga waliguswa na maisha waliyoyakuta, wakaanzisha mfuko wa hisani wa kusaidia elimu katika maeneo hayo. Nawapongeza. Lakini ule ulikuwa moyo wao mwema. Angekuja mwingine mwenye moyo mgumu, hakuna karatasi ya wakazi ambayo ingemlazimisha kuacha chochote zaidi ya alama za matairi. Haki haiwezi kungoja mgeni awe na huruma.

Wasan wa kusini mwa Afrika walilijua hilo kwa machungu. Kwa miaka mingi wamepigwa picha, wamerekodiwa na kupimwa damu na watu waliokuja kisha wakatoweka na walichokipata. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini wakatangaza kanuni zao wenyewe kwa watafiti: njoo kwa heshima, sema ukweli, tenda haki, jali, na fuata utaratibu wetu kupitia viongozi wetu. Kanuni hizo ziliwalenga watafiti, lakini mwenye kamera naye anapita mlango uleule. Kikubwa ni kwamba hawakungoja kuandikiwa na wizara. Nasi, kila mtaa na kila kijiji, tujiandikie masharti yetu kwa watu wa filamu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo panapouma. Leo fedha ya kupiga filamu mtaani inapita vipi? Prodyuza anampoza mjumbe. Akitoka hapo anakutana na vijana wa kijiwe, nao wanataka yao. Mwenye duka anasema biashara imelala. Mtu mmoja ambaye hata haishi mtaa huo anasimama mbele ya kamera makusudi mpaka apewe kitu. Jioni prodyuza amelipa watu watano au sita, hana risiti hata moja, na mwenye nyumba iliyozungushiwa taa tangu alfajiri kaambulia soda. Pande zote mbili zimepunjwa. Vijana wetu wa Bongo Movie, ambao bajeti yao ni ya kuungaunga, ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa mgeni mwenye dola hulipa akacheka, wakati wa kwetu anaahirisha tukio na kulipiga usiku kwa wizi.

Ndiyo maana mtaa unaoandika viwango vyake unamsaidia msanii kama unavyomsaidia mkazi. Iandikwe wazi: mwanafunzi wa filamu halipi, au analipa kidogo sana, kampuni ya tangazo la biashara inalipa zaidi, inayotoka nje inalipa kuliko wote. Fedha ya mtaa iingie kwa mtendaji kwa stakabadhi, na isomwe kwenye mkutano. Fedha ya mwenye nyumba na ya aliyezimiwa jiko ilipwe mkononi mwake, kabla kamera haijawashwa. Nasisitiza kabla, maana ahadi za "tukimaliza tutaonana" tunazijua.

Kuhusu watoto sitaki majadiliano marefu. Mzazi aulizwe, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe picha inakwenda wapi. Kwa majirani zetu Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 za nchi hiyo kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Haikuwa filamu, zilikuwa picha tu. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Pipi na shilingi elfu moja si ridhaa.

Mengine yanajulikana, ila nayo yaandikwe: kamera isielekezwe msikitini wala kanisani wakati wa ibada bila kuongea na wahusika, msiba ukitokea, kazi isimame, kelele ziishe saa fulani, kilichovunjwa kitengenezwe. Na kama tukio lina milio ya risasi za bandia, jirani ajulishwe jana yake. Mzee mwenye shinikizo la damu hajui kwamba ile ni sinema.

Lipo sharti moja ambalo mimi ningelipigania kuliko hata fedha: filamu ikikamilika, irudi. Ije ionyeshwe palepale ilipopigwa, ukutani au kwenye shuka jeupe, watu wakae chini waitazame na kusema yao. Anayekataa sharti hilo ana sababu, na mtaa una haki ya kuijua sababu hiyo kabla ya kumfungulia geti.

Wenyeviti wa vijiji, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Wekeni jambo hili kwenye ajenda ya mkutano unaokuja, nanyi wa mitaa fanyeni hivyohivyo. Ukurasa mmoja unatosha, ubandikwe ukutani ofisini kwa mtendaji. Siku kijana atakapokuja na karatasi yake yenye mhuri, mpokeeni vizuri, isomeni mpaka mwisho, kisha mpeni ya kwenu naye asaini.