Yosefu naye alisahauliwa

Hapa Misisi tunao vijana walioitwa, wakaulizwa maswali ya kazi, wakaambiwa, "Tutakupigia." Mwezi umepita, simu kimya. Kijana anaogopa hata kwenda shambani, asije akapigiwa akiwa mahali pasipo rezo.

Yosefu alimwomba mkuu wa wanyweshaji amkumbuke kwa Farao. Yule akatoka gerezani, akasahau. Ikapita miaka miwili mizima (Mwanzo 40 na 41). Lakini Yosefu aliomba kwa mdomo wake mwenyewe, na mle gerezani hakukaa bure. Basi twende tukaulize. Kuuliza si kukosa imani.

Nanyi mnaoandikisha watu kwa niaba ya makampuni, mko humu kanisani, tunawajua. "Hapana" yenu ya leo ingemrudisha mtu shambani kabla mvua haijakatika.